Mhariri, janga likija tena msianze kufunga soko la mboga

Mhariri, asalaam aleikum na hongera kwa kazi. Naandika kuhusu ile barua ya msomaji mwenzangu aliyesema kina mama wa Pwani tunanenepa kwa uvivu na ulafi, eti ndo maana corona ilipoingia wenye presha na sukari walizidiwa haraka. Hilo la presha na sukari ni kweli, madaktari walisema toka mwanzo kwamba magonjwa hayo, pamoja na unene wa kupita kiasi, yanaufanya ugonjwa ule kuwa mkali zaidi. Lakini la ulafi silikubali hata kidogo, manake ukitaka kujua kwa nini watu wananenepa usianzie kwenye sahani ya mtu, anzia sokoni uone chakula kinamfikiaje na kwa bei gani.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kufikia tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu asiyeuza mboga hizo ni saa za kulala tu, lakini kwa Kongowea, soko letu kubwa la jumla hapa Mombasa, ndo saa zenyewe za kazi. Malori ya nyanya, kabeji na vitunguu kutoka bara yanashusha usiku, na mama mboga wa Kisauni au Likoni anatakiwa awe pale mapema kabisa ili apate mzigo mzuri kwa bei ya jumla, arudi mtaani watu wakiamka. Serikali iliruhusu malori ya mazao yapite, supamaketi nazo zikawekwa kwenye orodha ya huduma muhimu, sawa, lakini yule mama mwenye gunia lake kwa tuktuk hakua na leseni wala barua ya kumwonyesha askari, na sote tuliona siku ile ya kwanza pale feri ya Likoni watu walivyopigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi hata saa ya kafyu haijafika. Nani angethubutu kutoka saa tisa usiku kufuata mchicha? Anayechelewa anapata mabaki kwa bei ya juu, na mteja wake anakula hayo hayo mabaki au anaacha.

Halafu tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa pia, na ulikua mwezi wa Ramadhani.

Sasa kilichobaki karibu na watu ni nini? Ni kiduka cha kona. Na kiduka kina unga, sukari, mafuta ya kupima, tambi za pakiti, biskuti, krisps na soda, vitu visivyooza hata vikikaa miezi. Wakati huo huo hoteli za watalii za Nyali na Diani zimefungwa, baba yuko nyumbani, watoto wako nyumbani manake shule zilifungwa Machi na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021, hakuna uwanja wala mbio za saa nne. Mama mwenye shilingi mia na watoto wanne hanunui papai, ananunua kinachoshibisha, na kinachoshibisha kwa pesa hiyo ni wanga, mafuta na sukari. Ndo maana unakuta nyumba moja mama ameongezeka uzito na mtoto wake mdogo amedumaa, na wote wawili shida yao ni moja, lishe. Huyo ndo mlafi?

Na haya hayakuletwa na corona. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2008-09 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na ule wa 2014 ukakuta theluthi. Uvivu hauwezi kuwapanda watu wengi hivyo kwa miaka michache, kilichobadilika ni chakula na namna kinavyouzwa.

Mtu mwingine atasema wazungu nao wananenepa na pesa wanazo. Ni kweli, na Machi 2021 Shirikisho la Unene Duniani lilisema kati ya vifo milioni 2.5 vya corona, milioni 2.2 vilikua kwenye nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wazima wana uzito uliozidi. Mi naichukua hesabu hiyo kwa tahadhari, nchi hizo zina wazee wengi na zinahesabu maiti zao vizuri kuliko sisi, lakini haiwezi kupuuzwa. Uingereza waziri mkuu wa wakati huo Boris Johnson alilazwa ICU Aprili 2020, akatoka akasema uzito wake ulimponza, Julai wakatangaza mpango wa kupunguza unene, na Agosti serikali ile ile ikawalipia watu nusu ya bili wakale mikahawani, hata kwa wauza baga. Mexico walikua na msimamo zaidi: jimbo la Oaxaca mwezi huo huo lilipitisha sheria ya kukataza kuwauzia watoto soda na vyakula vya pakiti vyenye sukari nyingi.

Sisi je? Januari 2022 KFC walikosa chipsi Kenya sababu viazi vyao vilikua vinatoka nje na meli zimechelewa kwa ajili ya corona, na huku kwetu kaunti ya Nyandarua viazi vimejaa! Watu walipiga kelele mitandaoni, vizuri, lakini kelele ilikua ya chipsi, hakuna aliyeuliza sukuma wiki inafikaje mtaani kama Mishomoroni hapa Mombasa siku barabara ikifungwa.

Mi naomba kaunti iandike sasa hivi, kabla ugonjwa mwingine haujaja, kwamba mama mboga ni huduma muhimu kama mfamasia, apewe kitambulisho cha kupita usiku. Soko likijaa watu wasilifunge, wawatawanye wauzaji kwenye viwanja vya shule ambavyo vitakua vitupu. Maji na taa viwekwe Kongowea, na chakula cha msaada kikigawiwa kisiwe unga, mafuta na sukari peke yake, watie ndengu, kunde, na maembe ya Kilifi ambayo kila msimu yanaozea chini ya miti.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa