Jumatatu tunaripoti Jiji

Habari za jioni wapendwa. Jumatatu tunaanza mafunzo kwa vitendo Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Tukutane getini saa 1:15 asubuhi, ofisi zinafunguliwa 1:30.

1. Barua ya chuo iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, si kwa Meya. Meya anaongoza Baraza la Madiwani. Watumishi, nasi tukiwemo kwa wiki hizi, tuko chini ya Mkurugenzi. Hakikisheni leo, mkibadilisha Jumatatu mtachelewa.
2. Kitambulisho na nakala mbili za barua.
3. Sh 1,000 ya nakala kwa mweka hazina, mwisho Jumamosi.

Mliopangiwa Mipango Miji vaeni viatu imara, kutakuwa na kwenda viwanjani.

Tafadhali kila mmoja ajibu NIPO kabla ya kesho saa 2 usiku. Mwenye shida ya nauli anipigie, nataka tuingie wote.