Kipande cha kilti kimebaki? Pima mraba kabla ya kushika mkasi

Msimu wa harusi ukiisha, kuanzia Septemba hivi, karakana yetu ndogo ya ushonaji hapa Glasgow huanza kupokea mifuko. Ndani yake mna vipande vya tartani, kitambaa cha drafti cha Scotland. Bwana harusi alishonewa kilti, ile sketi ya kiume ya huku, fundi wake akamrudishia mabaki, mabaki yakalala kabatini hadi siku mama mkwe alipouliza yamefanyiwa nini. Wengine huleta kilti nzima ya babu wa mume, imeliwa na nondo kiunoni lakini chini bado nzuri. Wateja wetu wengi ni Waswahili wenzetu waliooa au kuolewa huku, na swali lao ni moja: "Fundi, hiki kinafaa kitu gani?"

Kabla ya kujibu nachukua rula. Najua inawaudhi kidogo, mtu ametoka Aberdeen na mfuko wake kwa basi, anataka kusikia neno "mto" au "mkoba", na mimi nimeinama napima.

Sababu yake ni hii. Kwa macho, tartani ni drafti tu, kama sketi za sare za shule kule nyumbani. Lakini rangi zake zimepangwa kwa kuhesabu nyuzi: kadhaa za kijani, kadhaa nyeusi, chache za njano, na mpangilio ukifika mwisho mara nyingi unarudi kinyumenyume mpaka ulipoanzia. Mpangilio huohuo uko kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana), ndiyo maana mistari ikikutana inatoa miraba. Umbali kutoka mahali mpangilio unapoanza hadi unapoanza tena, sisi karakanani tunauita mraba mzima. Kwenye kitambaa kizito cha kilti mara nyingi nakuta kati ya sentimita 12 na 20; kwenye kitambaa chepesi cha skafu huwa mdogo zaidi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kipande chako kiwe nini. Ukubwa wa kipande unafuata baadaye.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa karakana hii nilikata foronya mbili za kochi bila kupima. Moja ikatoka na mstari mwekundu katikati barabara. Kwenye ya pili mstari uleule ulikuwa umekimbilia pembeni, karibu na zipu. Mito ikakaa kwenye kochi kama ndugu wasiosalimiana. Mteja hakusema neno, ila nilimwona anaugeuza ule wa pili mara mbili, mara tatu. Nilimlipa kitambaa chake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mto wa sentimita 40 unataka kipande cha 43, pamoja na nafasi ya kushonea. Kama mraba mzima ni sentimita 15, upande wa pili wa mto hauanzii pale wa kwanza ulipoishia. Unasogea hadi 45 ili mistari ikutane, na umepoteza sentimita 2 tu. Mraba ukiwa wa 20, inabidi usogee hadi 60. Hapo zimepotea 17, na kwenye mabaki 17 ni nyingi mno. Ndiyo maana wakati mwingine nitakuuliza kama utakubali mto wa 37. Sikufanyii ubahili. Nakata 40 kamili, miraba miwili, na hakuna kinachotupwa.

Sasa, kipande kilicho kidogo kuliko mraba mzima. Watu wengi hukitupa hiki, na mimi ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakidai kulinganishwa na chochote. Kinafaa vifungo vya kufunikwa kwa kitambaa, mgongo wa kishika funguo, tai ya kipepeo ya mtoto, kifuniko cha daftari. Siri ni kuchagua mahali pa kukata: weka makutano ya mistari miwili katikati ya kifungo, au mstari mmoja mwembamba, na basi. Vifungo sita vyenye makutano yaleyale vitabadilisha koti jeusi la mtumba likaonekana limeshonewa bwana mmoja mkubwa. Bandika vilini, kile kitambaa chembamba chenye gundi, nyuma kwa pasi kabla ya kukata, la sivyo nyuzi zitamwagika mkononi.

Halafu kuna ule utepe mrefu. Karibu kila mfuko unao, na wenyewe hawajui ulitoka wapi. Kilti kamili huchukua yadi 8, kama mita 7.3. Kitambaa kikiwa cha upana wa sentimita 150, fundi hununua yadi 4 tu, anakipasua katikati kwa urefu na kuunga vipande viwili. Ukingo wa kiwandani anauweka chini, magotini, ndiyo maana kilti haipindwi pindo. Upana wa nusu ni 75, urefu wa kilti kutoka kiunoni hadi gotini ni kama 60. Ile tofauti hukatwa juu, na sehemu yake hutumika kwa mkanda wa kiuno na vishikizo vya mkanda. Kinachobaki ni utepe wa viganja viwili hivi kwa upana, mrefu kuliko chumba, usio na ukingo wa kiwandani upande wowote.

Utepe huu una kazi nyingi. Harusi nyingi za Scotland siku hizi zina kipengele cha kufunga mikono ya maharusi kwa kitambaa, na hakuna kitambaa bora kuliko kilichotoka kwenye kilti ya bwana harusi mwenyewe. (Tatizo ni kwamba mabaki huletwa kwetu baada ya harusi. Mkiwa bado hamjafunga ndoa, ulizeni fundi wenu mapema.) Unafunga shada la maua. Unakuwa vitepe vya soksi ndefu. Unachomoa nyuzi pembeni, unapata matamvua, tayari ni skafu nyembamba. Lakini tunachoshona zaidi ni mto mrefu wa kuziba baridi chini ya mlango, tunaujaza mchele au mabaki ya sufu. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya mawe ya Glasgow mwezi Januari hahitaji kuelezwa.

Ukitaka kuunganisha vipande ili upate kitu kikubwa, angalia mshazari. Tartani husukwa ili nyuzi zipande kwa mshazari. Ichunguze kwa karibu utaona mistari midogo inaelekea upande mmoja. Ukizungusha kipande robo duara, miraba bado italingana kwenye tartani nyingi, ila mshazari utaelekea upande mwingine na mwanga utaanguka tofauti. Kwenye dirisha litaonekana kama umeunga vitambaa viwili. Dawa yake ilinichukua muda kuigundua: zungusha robo, kisha pindua juu chini. Mshazari unarudi mahali pake, na kwa kuwa kitambaa cha kilti kinafanana pande zote mbili, hakuna atakayejua. Hila hii imeokoa zaidi ya blanketi moja.

Kuhusu blanketi, kuna kazi moja inayokuja sana kwetu na inahitaji tahadhari. Mke ametoka Arusha au Kajiado, mume ni wa hapa, na wanataka shuka la Kimaasai na tartani ya ukoo wa mume viungwe pamoja. Kwa rangi vinapatana ajabu, nyekundu kwa nyekundu, drafti kwa drafti. Kwa tabia ni maji na mafuta. Mashuka mengi yanayouzwa siku hizi ni ya akriliki, na akriliki ikikutana na pasi ya moto inang'aa na kukakamaa. Tartani ya kilti ni sufu, inataka mvuke na pasi yenye uzito. Ukiyafua yote mawili kwa maji ya moto, sufu inasinyaa, shuka linabaki lilivyo, na blanketi linajikunja kama jani la mgomba juani. Tunachofanya: sufu tunaipitisha kwenye mvuke kabla ya kukata ili isinyae mapema, shuka tunalipiga pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa kingine, bitana tunaweka ya pamba, na mteja anaahidi kufua kwa maji baridi, kwa mkono. Asiyeahidi tunamshauri atundike ukutani.

Mambo mengine hatushoni. Nguo za kitoto kichanga kutokana na kilti, hapana, sufu ile inawasha. Leso za mezani za kufuliwa kila siku, hapana. Na kilti yenye nondo haivuki mlango wetu kabla haijakaa kwenye friza wiki mbili ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Mayai yake huyaoni, na rafu zetu zimejaa sufu za watu wengine.

Tartani nyingi zina majina ya koo, na wapo wanaouliza kama wana ruhusa, maana ukoo si wao. Shona. Tartani iitwayo Balmoral ndiyo iliyotengwa kwa familia ya kifalme, na hata ukiitafuta hutauziwa. Jina la tartani yako lina faida nyingine: ukilijua tunaweza kukutafutia nyongeza. Kuna Rejista ya Tartani ya Scotland, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambako mipangilio imeandikwa kwa majina. Ila jina peke yake halitoshi. Tartani ileile hutiwa rangi kali au rangi zilizopauka, na zilizopauka wauzaji huziita za kale ingawa zimefumwa juzi. Nyongeza tunailinganisha kwa macho, mchana, karibu na dirisha.

Na usione haya kuleta kipande kidogo. Tartani za zamani kabisa zinazojulikana Scotland zenyewe ni vipande. Mwaka 1933, mjini Falkirk, kilifukuliwa chungu chenye sarafu za fedha za Kirumi zaidi ya 1,900, na pamoja nazo kitambaa cha sufu cha drafti cha karne ya 3, rangi mbili tu za kondoo mwenyewe. Kilikuwa kizibo cha chungu. Kile cha bonde la Glen Affric, kilichotoka kwenye tope la mboji na kukadiriwa kuwa cha kati ya mwaka 1500 na 1600, kina sentimita 55 kwa 43 hivi. Kingeletwa kwetu ningesema kinatosha foronya moja, bila mgongo.

Ukitaka tukuangalizie chako, tandaza kipande mezani bila kukipiga pasi, weka rula juu yake ikiwa sambamba na mistari, piga picha moja ya kipande chote na nyingine ya karibu. Tuambie kama ni sufu. Kama hujui, vuta uzi mmoja uuchome nje ya nyumba. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kufanya tone gumu, ni kitambaa cha nyuzi za plastiki, na tutakushonea pia, ila pasi yetu itapunguzwa moto.