Barua kuhusu mstari wa njano

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuanza mafunzo ya urubani. Barua yako ilijaa habari za kupaa na kutua, lakini hukuzigusia zile dakika za kuitembeza ndege ardhini, kutoka maegeshoni hadi njia ya kurukia na kurudi. Hizo ndizo zilizonifanya nichukue kalamu, kwa sababu wiki tatu zilizopita niliigonga ndege iliyokuwa imeegeshwa.

Nilikuwa peke yangu katika Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, nimekwisha kutua salama. Gurudumu la mbele lilikuwa sawasawa juu ya mstari wa njano uliochorwa ardhini kuongoza ndege, nami nikainama kubadilisha masafa ya redio. Nilipoinua macho, bawa langu la kulia lilikuwa limeshafika kwenye mkia wa ndege iliyoegeshwa ikiwa imetokeza kuelekea njia. Hakukuwa na kishindo. Nilihisi tu ndege ikivutwa kidogo upande wa kulia. Taa ya ncha ya bawa ilivunjika, na usukani wa mkia wa ndege ile ulibonyea, ikalazimika kubaki chini mpaka fundi aikague. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo nilizima injini nikabaki nimeketi, mikono ikitetemeka, kwani kama mtu angekuwa amesimama kando ya mkia ule, mwendo wangu uleule wa mtu anayetembea haraka ungetosha kumjeruhi.

Tangu siku hiyo nimeufikiria sana mstari ule. Unaonyesha mahali pa kupitisha gurudumu, basi. Hauna habari kwamba mwenzako ameegesha vibaya au kwamba gari la mafuta limeachwa karibu mno. Mabawa ya Cessna 172 yana mita 11 kutoka ncha hadi ncha, nawe unaketi upande wa kushoto, kwa hiyo ncha ya kulia iko zaidi ya mita 5 kutoka begani mwako, na ni vigumu kukadiria upenyo mdogo kwa umbali huo huku unatembea. Ukikata kona kali hatari huzidi, maana ncha ya bawa la nje huenda kasi kuliko pua, na mkia hufagia upande ambao hutazami. Katika ndege zenye gurudumu dogo mkiani, pua iliyoinuka huziba njia kabisa, ndiyo maana marubani wake huenda kwa kupindapinda ili waone mbele.

Rafadha, yaani pangaboi la injini, ndiyo inayonitia hofu kuliko bawa. Ikigonga kitu, hata injini ikiendelea kunguruma kama kawaida, hiyo injini inapaswa kufunguliwa na kukaguliwa ndani, kwa kuwa mshtuko huo unaweza kuacha ufa usioonekana. Sitaki hata kutaja madhara yake kwa mwili wa binadamu.

Wala usidhani kwamba makosa ya ardhini ni ya kukwaruza rangi tu. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, jeti ndogo aina ya Cessna Citation ilishika njia isiyo yake ndani ya ukungu, ikaingia kwenye njia ya kurukia na kugongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikishika kasi ili ipae. Watu 118 walipoteza maisha.

Sasa sishiki redio wala orodha ya ukaguzi kabla ya kusimama kabisa. Breki nazijaribu mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka. Nikitilia shaka nafasi iliyopo, hata mwongozaji wa ndege aliyesimama ardhini akiniashiria niendelee, nasimama, nazima injini, nashuka na kuisukuma ndege kwa mikono. Dhamana ni yangu, si yake. Nikitumia fimbo ya kuvutia gurudumu la mbele, naitoa na kuiweka ndani ya ndege papo hapo, kwa sababu ikisahaulika, rafadha inaweza kuigonga wakati wa kuwasha.

Nina ombi moja. Kabla ya somo lako lijalo, mwombe mkufunzi asimame chini ya ncha ya bawa la kulia nawe uketi kwenye kiti chako, kisha ukadirie ni hatua ngapi kati yake na ndege ya jirani. Halafu shuka uzipime, uniandikie ulikosea kwa kiasi gani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.