Kuinua uzio wa farasi si kuongeza seng'enge juu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa kilimo na mifugo huwa sikosi. Kuku, nguruwe, parachichi, ng'ombe wa maziwa, yote nimeyasoma humo, na mengine nimeyakata nikabandika ukutani karakanani. Farasi sijamwona hata siku moja. Najua huku kwetu ni mnyama wa watu wachache. Lakini wapo, na wengi niliowaona wanafugwa ndani ya uzio uliojengwa kwa ajili ya ng'ombe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mafinga. Mwaka juzi mwenye shamba mmoja aliniita. Zizi lake lilikuwa la mabomba ya inchi mbili, ya kulala yakiwa matatu, urefu mita 1.2. Ng'ombe walitulia humo miaka. Kisha akaleta farasi wanne. Jike mmoja mwekundu, begani mita moja na nusu hivi, akawa anaegemeza kifua kwenye bomba la juu akifuata nyasi za upande wa pili, ambazo ni zilezile alizokanyaga. Mabomba ya kulala yalikuwa yamechomelewa nje ya nguzo, kwa hiyo kila akisukuma alikuwa anabandua mshono. Usiku mmoja wa Juni mshono ukaachia. Ukungu wa Juni wa huku mnaujua. Jike akaenda kusimama katikati ya barabara kuu, hii ya malori ya Tunduma. Ashukuriwe dereva aliyekuwa anakwenda polepole. Tulipofika tulikuta utingo wake anampigia farasi miluzi kama anaswaga mbuzi.

Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa ya aibu, nakiri. Bosi alitaka urefu upatikane kesho yake, nami nikachomelea vipande vya nondo juu ya nguzo na kuvuta nyuzi mbili za seng'enge. Haikufika wiki mbili, farasi mwingine akachanika kifuani, ngozi ikaning'inia kama mfuko wa shati uliofumuka. Daktari wa mifugo alipofika, kabla hata ya kufungua begi, aliuliza habari ya chanjo ya pepopunda. Farasi anaupata ugonjwa huo kwa wepesi kuliko ng'ombe. Jina lenyewe lina punda ndani, na mimi sikuwahi kulifikiria. Ng'ombe akichomwa hurudi nyuma. Farasi akishikwa na kitu hukimbia kwanza, na seng'enge inakimbia naye.

Tukang'oa yote, tukaanza upya. Bomba la inchi moja na nusu huzama ndani ya la inchi mbili na kubakiza nafasi ndogo tu. Bomba la mita 6 nilipata vipande kumi vya sentimita 60, nusu inaingia ndani ya nguzo ya zamani, nusu inabaki juu. Nguzo zile zilikuwa wazi kichwani miaka yote. Nyingine zilijaa maji ya kutu, moja ilikuwa na kiota cha nyigu, na kijana wangu alikimbia mpaka kwenye miti ya milingoti akaiacha grenda inazunguka peke yake. Safari hii kila kichwa nimekiziba. Na kama bomba limepakwa zinki, isage kwanza pale unapochomelea. Moshi wake hukuletea homa usiku, ukadhani ni malaria.

Mafundi wenzangu wengi wanasahau mguu wa nguzo. Ukitoka mita 1.2 kwenda 1.5, msukumo uleule juu unaipinda nguzo chini kwa nguvu ya robo zaidi. Farasi ana kilo mia nne, mia tano. Nguzo zile zilikuwa zimekaa kwenye zege la sentimita 40. Tulifukua moja moja, tukachomelea mguu wa kuongeza, tukamwaga zege jipya hadi sentimita 80. Bosi alilalamikia saruji kuliko alivyolalamikia chuma.

Mabomba ya kulala sasa yako upande wa ndani, farasi akisukuma anayabana kwenye nguzo. Ule mwanya mpya wa sentimita 30 hatukuuacha wazi, maana kichwa kinapita, na kikipita mnyama hushtuka akakivuta kwa nguvu zake zote. Tukaongeza bomba moja katikati. La juu kabisa tulilipaka rangi nyeupe. Macho ya farasi yako pembeni, na mbele ya paji la uso wake haoni. Uzio wa mbao ukigongwa huvunjika. Chuma hakivunjiki, anavunjika mnyama. Kona nazo tulizikata mshazari, ili mnyonge asibanwe humo na wenzake. Kwa dume tulikwenda hadi mita 1.8.

Kuna fundi alimshauri bosi aweke mikuki juu, kama ya geti la nyumba ya mjini. Farasi akisimama kwa miguu ya nyuma, kifua kitashukia wapi?

Mhariri, mpe bwana mifugo anayewajua wanyama hawa hata robo ya ukurasa. Watu wanatuita sisi mafundi, na sisi tunachojua ni chuma. Yule jike mwekundu sasa ana mimba. Farasi hubeba miezi 11, kwa hiyo ninao muda wa kuziba mianya ya chini kwa wavu wa matundu madogo, kabla mtoto hajaanza kupenyeza kwato.

Fundi wa kuchomelea,
Mafinga, Iringa