Kuba la mlima na kuba la msikiti

Sobetsu, Hokkaido, Japani

Dada mpenzi,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo Kibokoni. Swali la Salim limenifikia: kitabuni ameona "kuba la lava", naye kuba alijualo ni la msikiti, lililo wazi kwa ndani. Msomee haya polepole.

Kuba la lava halina uwazi. Ni lava nzito, yaani jiwe lililoyeyuka, iliyotoka kwenye tundu la volkano, ikashindwa kwenda mbali, ikajirundika papo hapo. Mchukulie sinia. Upande mmoja mmwagie uji, upande wa pili mpakulie sima. Uji utatambaa hadi ukingoni, sima itasimama. Unga ni ule ule, kipimo ndicho kimebadilika. Kwenye lava, kinachotia uzito ni silika, ile iliyomo pia kwenye mchanga na kioo. Lava ya basalti, kama ile ya uwanda wa lava uitwao Shetani kule Tsavo Magharibi, ina silika karibu asilimia 50, hutoka na joto la nyuzi 1,100 hivi na hutambaa mbali. Dasaiti huwa na zaidi ya 63, riolaiti hupita 70, na joto lake ni nyuzi 700 hadi 900 tu. Hizo ndizo lava za makuba. Kwetu Kenya yapo Olkaria, kusini ya Naivasha, pamoja na mawe meusi yang'aayo kama kioo.

Silika peke yake haitoshi, na hapa vitabu vya shule hupita mbio. Magma, yaani lava kabla haijatoka nje, ikiwa chini sana ina maji yaliyoyeyuka ndani yake. Ikipanda, shinikizo hupungua, maji hutoka kama mvuke, fuwele, chembe ndogo za madini, huota, na magma huzidi kuwa ngumu. Ikipanda polepole, mvuke hupata njia ya kupenya na kuba hujengeka. Ikipanda kwa kasi, mvuke hukwama na mlima hulipuka.

Kuba hukua kwa njia mbili. Lava mpya huweza kuingia ndani na kulivimbisha, ukoko wa juu ukapasuka na vipande kuporomoka. Au hupasua ukoko ikatoka nje na kulala juu ya ile ya zamani. Kuba moja laweza kubadilisha njia kila baada ya wiki chache.

Kuainisha makuba, sisi tunaochunguza volkano hutazama umbo, kwa sababu umbo hueleza ugumu wa lava ilipotoka. Lava iliyokaribia kuwa jiwe husukumwa juu nzima nzima kama kizibo, kuta zake wima. Iliyo laini kidogo hufanya kuba la Pelée, lenye miiba kileleni na vifusi vingi miguuni. Jina ni la mlima wa Martinique, kisiwa cha Karibi: baada ya mlipuko wa 8 Mei 1902 ulioua watu wapatao 28,000, mwiba wa jiwe ulichomoza ukafikia mita 300 hivi, kisha ukabomoka. Laini zaidi hutandaa duara kwenye tambarare; kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, huliita torta, kwani limekaa kama mkate. Tundu likiwa kwenye mteremko, lava hushuka upande mmoja kama ulimi mfupi mnene, nalo huitwa kulee.

Mfano wa kizibo uko hapa hapa, Showa-Shinzan. Desemba 1943 ardhi ilianza kutetemeka, shamba la ngano likavimba, na kufikia Septemba 1945 palikuwa na mlima wenye kilele cha mita 398 juu ya bahari. Ni mwekundu, kwa kuwa udongo wa shamba ulibebwa mgongoni mwa lava ukachomeka kama tofali. Vita vilikuwa vimepamba moto na vifaa ni adimu, basi mkuu wa posta, Mimatsu Masao, akafunga kamba za mlalo, akawa anatazama kutoka mahali pale pale na kuchora mstari wa mlima kila ulipopanda. Mpaka leo mchoro ule ni hazina kwetu.

Kuna na kuba lililofichika, lisilotoka nje. Mwaka 1980 ubavu wa Mount St. Helens, Marekani, ulikuwa ukivimba karibu mita 2 kwa siku. Tarehe 18 Mei ubavu ukaporomoka, shinikizo likafunguka ghafla, na watu 57 wakafa.

Hatari ya kuba ni huko kuporomoka. Kipande cha ukingo kikianguka kikiwa bado na moto na gesi ndani, husagika njiani, kikageuka wingu la majivu lenye kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mbio za mtu hazifui dafu. Tarehe 3 Juni 1991 pale Unzen, Japani, watu 43 waliuawa hivyo, wakiwemo wataalamu waliokuwa wakilichunguza. Mvua kubwa nayo huweza kuliangusha, kama ilivyotokea kisiwani Montserrat, Karibi.

Akilichora kuba, Salim asisahau vifusi chini ya kuba, na ndani apake rangi yote, asiache wazi. Akimaliza mnitumie picha.

Ni mimi mdogo wako