Barua kwa binti yangu aliye Galtür, Austria

Mwanangu,

Ile video ambayo mume wako aliiweka WhatsApp Jumapili nimeiangalia mpaka mdogo wako akaninyang'anya simu. Majirani wameisifu sana. Mama wa duka la hapa chini alinisimamisha nikienda kununua maziwa, akaniambia mkwe wangu ameishinda baridi ya Wazungu. Mimi nilichoona ni kwamba kwenye mteremko ule hapakuwa na kijiti hata kimoja cha alama. Theluji ilikuwa mpya, haijakanyagwa, na yeye na wenzake wa jikoni wanapanda kwa miguu, mbao za skii begani, wamekaribiana kabisa. Kisha wakashuka wote kwa pamoja wakipiga kelele.

Naomba asirudi kule. Nimelisema mapema ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata.

Unajua nilikozaliwa. Mathioya, mvua ya Aprili ikinyesha usiku na mchana bila kupumzika, watu wazima hawakulala, walikaa wakisikiliza mlima. Udongo haukuachia wakati mvua inapiga mabati. Mara nyingi uliachia baadaye, maji yakishazama chini na watu wakishaanza kusema afadhali imepita. Nilidhani theluji ni kitu kingine, kitu cha watalii na kadi za Krismasi. Sasa nimesoma, na mdogo wako amenitafsiria pale Kiingereza kilipokuwa kigumu, na naona ni mambo yale yale. Theluji mpya inakalia ya zamani bila kushikana nayo. Upepo unabeba nyingine kutoka upande wa pili wa mlima na kuirundika mahali pamoja. Mteremko ukiwa mkali, kuanzia kama digrii 30, mtu mmoja akikanyaga pale palipo dhaifu, bamba zima linakatika na kushuka naye. Wengi wanaofunikwa, poromoko wamelianzisha wao wenyewe au mwenzao wa karibu.

Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 10 au 15 za kwanza, ana matumaini. Zikipita hizo, wengi huwa wamekosa hewa. Theluji ikishasimama hukaza kama simiti, mtu hawezi kuinua hata kidole. Helikopta ije kutoka wapi kwa dakika 15? Anayekuokoa ni yule uliyepanda naye, na hawezi kukupata kama hamkuvaa vile vifaa vya kutoa ishara, na hawezi kukufukua bila sepetu na ile fimbo ndefu ya kuchokolea. Katika video nimemtazama kila mmoja wao mgongoni. Sikuona begi hata moja.

Utaniambia, mama, hapa kuna usalama, hawa watu wamezoea. Ndiyo, wamezoea, na wamezoea kwa kuzika. Hicho kijiji unachotandika vitanda ndicho kilichopigwa tarehe 23 Februari 1999. Theluji ilikuwa imeanguka kwa wiki nyingi, barabara imefungwa, wageni wamekwama hotelini. Poromoko lilishuka mchana likaingia katikati ya nyumba, mahali ambapo ramani zao zilisema hapafikiwi. Watu 31 walikufa Galtür, na kesho yake wengine 7 pale Valzur, bonde lile lile. Baada ya hapo ndipo walipojenga ule ukuta mkubwa na kuzichora upya ramani. Kwa hiyo nikikufikiria uko ndani ya hoteli, moyo wangu unatulia kidogo. Ukuta upo. Hata njia zenye alama nimesoma kwamba kuna watu wa kuzikagua asubuhi, wakati mwingine wanalipua theluji kwa baruti ili ianguke kabla ya wageni kupanda. Lakini kule alikopanda mume wako hakuna ukuta, hakuna aliyekagua, na hakuna aliyelipua kitu.

Kuna taarifa ya maporomoko ya theluji ya Tyrol, jimbo hilo mliko, inayotolewa kila jioni. Ina ngazi za hatari kuanzia 1 hadi 5. Wewe unayeelewa Kijerumani uwe ukiisoma, usimwachie mtu mwingine akusomee. Kilichonishtua ni kwamba wengi hufa siku za ngazi ya 3. Ikifika 4 au 5 watu wanaogopa, wanakaa ndani. Ikisema 3, kijana anaona iko katikati tu, anachukua mbao zake. Ukiona 3, mume wako asitoke nje ya njia. Na namba ya waokoaji wa milimani huko Austria ni 140. Iandike kwenye simu zenu zote mbili leo.

Hapa nataka kusema jambo moja kuhusu yeye. Yale niliyomwambia pale uwanja wa ndege wa JKIA, kwamba ni mara ya kwanza kuona mwanamume akifuata kazi ya mke wake, asiyabebe mpaka mlimani. Najua aliyasikia vizuri kwa sababu hakujibu. Mimi sina haja ya kuonyeshwa chochote. Anaosha masufuria usiku kucha katika nchi ya watu, anakutunza, hajakosa kutuma pesa. Mwambie mama mkwe wake analiona hilo.

Naye asiniletee habari za Philip Boit tena. Kila nikifungua mdomo ananiambia Boit alienda kuteleza kwenye Olimpiki ya theluji ya Nagano 1998, Mkenya anaweza. Boit namheshimu. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie, bingwa mwenyewe, akamsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Lakini Boit alipelekwa Finland kufundishwa miaka miwili nzima kabla ya siku ile, na alikimbia kwenye njia iliyotengenezwa. Hata Sabrina Simader, binti yetu aliyeshindana Olimpiki ya 2018, alihamia huko Austria akiwa na miaka 3 akakulia kwenye theluji. Mume wako amevaa mbao hizo kwa mara ya kwanza Desemba. Kama anapenda kuteleza, kuna njia za buluu za wanaoanza, zina alama, kuna walimu. Aende huko Jumapili yake yote, mimi nitazisifu hizo video kuliko majirani.

Wewe pia ulikuwa wapi? Ndiye uliyeshika simu, sauti yako nimeisikia ikicheka. Sikukulea uwe mtu wa kucheka mwenzako akifanya jambo usilolikubali. Msichana aliyepanda matatu kila jioni mpaka darasa la Kijerumani la Goethe pale mjini, akarudi saa nne usiku na madaftari yake, akafaulu mtihani mara ya kwanza, huyo anaweza kumwambia mume wake hapana. Nilijivunia wewe wakati ule na sikusema, kwa sababu nilijua Kijerumani hicho ndicho kitakachokuchukua.

Jambo la bima. Nimesoma kwamba bima ya kawaida ya kazini huko inakutibu hospitalini, lakini mtu akiumia mlimani akijistarehesha, gharama ya kumtoa kwa helikopta mara nyingi ni juu yake. Kuna chama cha wapanda milima, Alpenverein, ukijiunga bima ya kuokolewa imo ndani ya ada. Jiungeni wote wawili. Kadi isiwe ruhusa ya kwenda kule, nimeshasema. Nataka tu iwepo.

Na uandike saa zako za kazi kila siku kwenye daftari, usitegemee ya bosi peke yake. Kuna ofisi ya Arbeiterkammer pale Landeck, iko kwa ajili ya wafanyakazi, hata wa msimu kama ninyi. Pasipoti zikae kwenu. Wengi hapa mtaani tumeona watoto wakirudi kutoka Ghuba bila mshahara na bila nguo, kwa hiyo usiniambie Ulaya ni tofauti. Inaweza kuwa tofauti na bado ukaandika saa zako.

Ajabu niliyoipata kwenye kusoma ni kwamba Galtür iko chini kuliko Nairobi. Ninyi mko kama mita 1,600 hivi, sisi tumewapita kidogo. Nimemwambia mamake mume wako alipokuja Jumanne, akashangaa, kwa sababu kila mtu hapa anadhani mmepanda mbinguni. Amekuletea njahi, nikamwambia nitakuwekea, kisha tukapika. Video ameiona, akafurahi, akaomba ionyeshwe tena. Sikumwambia niliyoyasoma. Ana presha, na mtoto wake ni huyo mmoja. Ninayabeba peke yangu mpaka nisikie kutoka kwenu.

Pesa za mkopo wa sacco zimefika kwa M-Pesa, nimezipeleka, bado miezi kadhaa tu. Mlipe kwanza huo, koti lingine jipya linaweza kungoja. Viatu vizuri havingoji, nunua.

Landilodi wa Roysambu anazungushazungusha dipoziti. Anasema ukuta wa jikoni una moshi na atakata pesa za rangi. Nitakwenda mwenyewe Ijumaa na mjomba wako, na zile picha mlizopiga siku ya kuhama mnitumie kabla ya hapo.

Mume wako anipigie yeye mwenyewe, si kupitia kwako. Akitoka zamu, hata ikiwa ni usiku wa manane hapa, nitaamka. Nataka kumsikia akisema hatapanda tena nje ya alama. Akishasema, sitalirudia.

Friji yenu bado iko sebuleni, imezuia mlango wa kabati. Nikiiwasha tokeni za stima zinaisha kabla ya wiki, nikiizima inanuka. Mwalimu wa ghorofa ya pili anaitaka kwa shilingi 12,000, nami namwambia ngoja niwaulize wenyewe. Kama mtarudi Aprili msimu ukiisha, nitaifunika shuka niiweke. Kama mnawaza kubaki huko, niambieni wazi, niiuze, na masufuria yenu nimpe dada yako. Mwalimu anataka jibu Jumamosi.

Mama yako.