Shukrani kwa fundi aliyetusaidia kupanga raki ya vyombo vya sauti

Ndugu fundi, uliondoka viwanja vya Mnazi Mmoja kabla hatujakuuliza jina, na ndiyo maana nakushukuru hadharani kwa niaba ya kwaya yetu. Ulitukuta tukifunga amplifaya (kikuza sauti) ndani ya raki ya inchi 19, yaani fremu ya kupangia vyombo vya sauti, ukatusalimu, kisha ukainama kufanya kazi nasi kana kwamba vyombo vilikuwa vyako.

Ulitueleza kwamba amplifaya nzito hukaa chini ili raki isipinduke inaposukumwa, na kwamba ikiwa ndefu haitoshi kushikiliwa na skrubu za mbele pekee bali hufungwa nyuma pia, kwa sababu gari likirukaruka kwenye mashimo, uzito wote huvuta masikio yake ya chuma, yale ya mbele yanayopitisha skrubu, hadi yakapinda. Nililolithamini zaidi, na ambalo naona wengi hulipuuza, ni jinsi ulivyozitenganisha nyaya: za umeme upande mmoja, za maikrofoni na mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti) upande wa pili, na pale zilipolazimika kukutana ukazivusha kwa pembe mraba, kwani zikilala sambamba kwa umbali mrefu, mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 unaweza kupenya hadi kwenye spika. Ukaacha pia nafasi ya hewa, jambo la lazima kwa joto la Dar es Salaam.

Ulikataa hata nauli. Ukiyasoma haya, tafadhali tutembelee mazoezini, kwani vijana wetu wanatamani sana kujifunza kwako.